Mzigo ukipotea njiani, nani atajibu?

Wiki hii tunazungumza juu ya jambo linalogusa sufuria ya kila nyumba ya mfanyabiashara: nani tumpe mizigo yetu aisafirishe, na kwa masharti gani.

Wengi wetu tunauza vitu vinavyotoka mbali. Vikwembe, viatu vya watoto, sahani, mafuta ya kujipaka, nguo za mitumba: sehemu kubwa inapita Dar es Salaam. Kutoka pale mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 2.000. Kamiyo inapita Mbeya, inavuka mpaka Tunduma na kuingia Zambia kwa Nakonde, inashuka Kapiri Mposhi, inapita Ndola na Chingola, inafika Kasumbalesa, na tangu Kasumbalesa bado kuna kilometa karibu 90 za kufika kwetu. Hiyo ni njia ya nchi tatu na duane tatu. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kupanda basi kila mwezi kufuata bale mbili za vikwembe. Inambidi ampe mtu mwingine kazi hiyo.

Kumpa mtu kazi si kosa. Hata makampuni makubwa ya migodi hayabebi yote yenyewe. Shida ni kwamba wengi tunachagua kwa swali moja tu: «Kilo ni dola ngapi?» Katika mikutano yetu tunasikia mara nyingi mwisho wa njia hiyo. Mzigo umechelewa, simu haiitikiwi, yule aliyepokea makuta anasema ni kosa la dereva, dereva anasema ni kosa la deklaranti. Na makuta yale yalikuwa ya likelemba, au ya minervali ya watoto. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa yule anayeubeba, bale yako ni nyepesi kama pamba, maana hasara si yake, isipokuwa umemfunga kwa maandiko.

Basi swali la kwanza tunalowapa leo ni hili: mzigo ukipotea, nani atajibu? Tuzitazame njia nne zinazotumiwa, moja moja, kwa swali hilo.

Njia ya kwanza: kukodi kamiyo wenyewe

Hapa unapatana na mwenye gari, unalipa nafasi yote ya gari, na unamtafuta deklaranti wako mwenyewe kwa mambo ya duane. Bei ya kila kilo inashuka sana gari likijaa. Karatasi za duane zinatoka kwa jina lako, na ukiulizwa kesho na DGDA au OCC, una jibu mkononi.

Ubaya wake ni kwamba kazi yote ya kupanga inabaki kichwani mwako. Gari likilala siku nyingi kwenye foleni ya Kasumbalesa, mwenye gari anaweza kukudai malipo ya kila siku ya kungoja, kama mapatano yenu hayakusema neno. Na gari likiwa nusu tupu, umelipia hewa. Njia hii haimfai mama mwenye bale mbili. Inafaa kikundi cha wamama kumi au ishirini wenye mzigo wa kujaza gari, na mmoja kati yao anayejua kusoma karatasi na kufuatilia.

Nani atajibu? Mwenye gari atajibu kwa yale yanayotokea tangu alipopokea mzigo mpaka alipoutoa. Kwa makosa ya duane, atajibu deklaranti, na wewe pamoja naye.

Njia ya pili: grupaji

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Mtu ana depo Kariakoo au karibu na bandari. Anakusanya mizigo midogo ya watu wengi, anaijaza katika gari moja, na anakudai kwa kilo au kwa mita ya ujazo. Mara nyingi anasema: «Bei yangu ni kila kitu ndani, duane pia.» Wewe unangoja tu simu ya kwenda kuchukua.

Uzuri wake uko wazi. Unalipa kwa kipimo cha mzigo wako, hata kama ni kilo 30 tu. Kwa anayeanza biashara, hakuna njia nyepesi kuliko hii.

Lakini tutazame ndani ya neno «kila kitu ndani». Mzigo wako unapita duane kwa jina lake, pamoja na mizigo ya wengine. Karatasi ya duane haina jina lako. Mwenzako mmoja akificha kitu kisichoruhusiwa ndani ya gari, gari zima linazuiliwa, na mzigo wako safi unalala pamoja na mchafu. Tena, kuna wanaofanya grupaji kwa daftari na simu tu. Ofisi yao ni mfuko wa koti. Hao wakibadili namba ya simu, umebaki na nini?

Hatusemi grupaji ni mbaya. Tunasema kabla ya kumpa mzigo, umwulize mwenye grupaji kama anaandika karatasi yenye jina lako, uzito, idadi ya bale na bei ya mali. Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu swali letu: hakuna atakayejibu.

Njia ya tatu: transiteri anayechukua kazi yote

Huyu anapokea mzigo kwa muuzaji, anatafuta gari, anafanya duane za nchi zote, na anakuletea mpaka depo yako. Unapatana na mtu mmoja, unalipa fakitire moja. Bei yake ni kubwa kuliko ya grupaji, na baadhi yao hawapokei mzigo mdogo.

Hapa lazima tutofautishe watu wawili wanaofanana kwa maneno matamu. Wa kwanza ni komisioneri, yule anayekuonyesha dereva na kuchukua sehemu yake. Kazi yake ni kukutanisha watu. Wakisha kukutana, kazi yake imekwisha. Wa pili ni transiteri anayechukua kazi kwa jina lake mwenyewe. Huyo sheria inamtaka ajibu juu ya mzigo kufika kwa wakati uliopatanwa, na juu ya kuharibika au kupotea kwake. Anayo milango ya kutokea, kwa mfano kosa la mtu mwingine au nguvu isiyozuilika, kwa hiyo maneno ya mkataba yaandikwe vizuri. Lakini angalau kuna mlango wa kubisha.

Utawatofautisha namna gani? Tazama fakitire. Imeandikwa kwa jina la nani? Ikiwa ina jina la kampuni yake, namba ya RCCM na maneno yanayosema anachukua kazi ya kusafirisha mpaka Lubumbashi, ni transiteri. Ikiwa ni kipande cha karatasi kinachosema amepokea makuta «ya dereva», ni komisioneri, hata akivaa kravati.

Njia ya nne: depo na ugawaji mjini

Wamama vijana wanaouza kwa simu wanaijua njia hii. Mzigo ukisha kufika Lubumbashi, unauweka katika depo ya mtu. Yeye anahifadhi, anahesabu, na anatuma vijana wa pikipiki kupeleka kwa wateja. Wewe unabaki nyumbani na mtoto mgongoni, unapokea maagizo.

Ni msaada mkubwa kwa asiye na butiki, maana kodi ya butiki inakuwepo hata usipouza, lakini huyu wa depo anaweza kulipwa kwa kila kitu kinachotoka. Hatari yake iko pahali pawili. Kwanza, hesabu ya vitu: bila kuhesabu pamoja mara moja kwa wiki, hutajua kama viatu jozi tatu vimeuzwa au vimetembea vyenyewe. Pili, makuta ya wateja: kijana wa pikipiki anapokea malipo mlangoni. Yanafika kwako lini? Jioni ileile, au mwisho wa mwezi? Ikiwa ni mwisho wa mwezi, umemkopesha mwenye depo mtaji wako bila faida. Andikeni: kila jioni, kwa mobile money, na orodha ya waliolipa.

Hesabu ya bei nafuu

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake.

Mama ana bale ya vikwembe ya kilo 100, aliyoinunua dola 1.500. Mtu wa kwanza anamwambia dola 1 kwa kilo, bila karatasi. Jumla dola 100. Mtu wa pili anamwambia dola 1,40 kwa kilo, na karatasi yenye jina lake na bei ya mali. Jumla dola 140. Tofauti ni dola 40. Kila mmoja wetu anaona dola 40 ni makuta mengi: ni mifuko ya unga.

Lakini hebu tuendelee. Akimchagua wa bei ndogo, anaokoa dola 40 kila safari. Baada ya safari 37 ameokoa dola 1.480. Bale moja ikipotea bila mtu wa kujibu, amepoteza dola 1.500. Kwa hiyo, kama anatuma bale moja kila mwezi, kupotea mara moja tu katika miaka mitatu kunakula faida yote ya bei nafuu. Jiulizeni: katika kikundi chenu, ni safari ngapi zinapita bila mtu kulia?

Kuchelewa nako kuna bei. Tuseme mtaji ule wa dola 1.500 ulitoka katika AVEC yenu, na AVEC inadai 5 kwa 100 kwa mwezi. Kila mwezi mzigo unaolala njiani, mama anadaiwa dola 75. Mwezi mmoja wa kuchelewa umekwisha kupita ile tofauti ya dola 40. Ndiyo maana bei ya kilo peke yake haitoshi kuchagulia. Tuhesabu pia siku.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri mambo haya hayana sheria. Yako. Inchi yetu ni memba wa OHADA tangu Septemba 2012, na OHADA ina sheria ya pamoja juu ya mikataba ya kusafirisha mali kwa barabara, iliyopitishwa mwaka 2003. Inahusu safari za ndani, na pia safari inayotoka inchi nyingine kuja kwetu. Haya ndiyo mambo yake ambayo mama wa soko anahitaji kuyashika:

Karatasi ya mzigo. Juu yake kwa Kifaransa huandikwa «lettre de voiture». Inataja aliyetuma, anayebeba, anayepokea, aina ya mali, uzito na idadi. Mkataba unaweza kuwepo hata bila karatasi hiyo, lakini bila karatasi utathibitisha kwa nini?

Kiasi cha kulipwa. Mali ikipotea au ikiharibika, fidia ya mwenye gari ina kikomo cha franka CFA 5.000 kwa kila kilo. Kwa bale yetu ya kilo 100, hiyo ni franka CFA 500.000, karibu yuro 762. Mama aliyenunua kwa dola 1.500 anapata kama nusu tu. Lakini sheria inafungua njia: ukitangaza bei ya mali yako ndani ya karatasi ya mzigo, kikomo kinakuwa bei ile uliyotangaza. Mwenye gari anaweza kuongeza bei kidogo kwa sababu hiyo. Kwa mahindi au chumvi, kutangaza hakuna maana kubwa. Kwa vikwembe, simu au vipodozi, msiache.

Kuchelewa. Ukithibitisha kwamba kuchelewa kumekuletea hasara, fidia yake haipiti bei ya usafiri uliyolipa. Kwa hiyo msitegemee sheria iwaponye kwa kuchelewa. Chagueni mtu anayefika.

Ufungaji. Mali iliyofungwa vibaya na mwenyewe ikiharibika kwa sababu hiyo, mwenye gari hajibu. Tufunge vizuri, tuandike jina juu ya kila bale, tupige picha kabla ya kutoa.

Siku za kulalamika. Hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao. Uharibifu unaoonekana kwa macho, uandike siku ileile ya kupokea, au siku ya kazi inayofuata, si zaidi. Usioonekana, ulio ndani ya bale, una siku 7. Lalamiko la maandishi la kudai fidia lifike kwa msafirishaji kabla ya siku 60 kuisha. Na kesi haipiti mwaka mmoja. Basi msiweke sahihi ya kupokea kabla ya kupima uzito na kufungua mbele ya dereva. Akiwaharakisha, andikeni juu ya karatasi yake: «Bale moja imepasuka», au «Kilo 12 zimepungua», kisha sahihi. Mambo yakishindikana, Lubumbashi ina Tribinali ya Biashara, na karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yenu.

Nani ataweka sahihi?

Kuna mama atakayeuliza: «Mimi nimeolewa, transiteri anadai barua ya bwana.» Zamani, Kodi ya Familia ya 1987 ilitaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa mapatano ya namna hiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inataka bibi na bwana waelewane, wote wawili, kwa mambo yanayowafunga. Maana yake mama ni mtu kamili mbele ya mkataba. Hata hivyo, tunawashauri kuzungumza nyumbani kabla ya kuweka sahihi. Mtaji wa dola 1.500 ukisafiri siku nyingi, bwana asisikie habari zake kwa jirani.

Kuchagua kufuatana na mzigo wako

Tukusanye sasa. Mama anayeanza, mwenye chini ya bale mbili kwa mwezi, achukue grupaji, lakini ya mtu mwenye ofisi inayojulikana na karatasi. Agawe mzigo mara mbili badala ya kuweka mtaji wote katika gari moja. Mama mwenye mali ya bei kubwa na uzito mdogo aende kwa transiteri anayejibu kwa jina lake, na atangaze bei ya mali. Wamama wa kikundi wenye mzigo wa kujaza gari wakodi kamiyo pamoja, na karatasi itaje bale za kila mmoja. Na yule ambaye mzigo umekwisha kufika lakini hana pahali pa kuuzia, atafute depo ya kulipa kwa kila kitu kinachotoka.

Hakuna anayelazimishwa kubaki na njia moja. Biashara inakua, njia nayo ibadilike. Kikundi kinaweza kutumia grupaji miezi ya kawaida, kisha kukodi kamiyo mwezi wa Agosti kabla ya watoto kurudi masomoni, wakati soko linataka viatu na mifuko kwa wingi.

Jambo moja la mwisho. Mama mmoja mwenye bale mbili, akisema anataka karatasi, anaambiwa: «Nenda kwa mwingine.» Wamama kumi na watano wenye bale 30, wakisema neno hilohilo siku ileile, wanaletewa kiti. Kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Kikundi kichague wamama wawili, waende kuona depo, waulize, walinganishe bei za watu watatu, kisha walete habari mkutanoni.

Haya ndiyo maswali ya kuandika katika daftari la kikundi na kwenda nayo:

1. Fakitire itakuwa kwa jina la nani, na kampuni ina RCCM?
2. Utaandika karatasi ya mzigo yenye jina langu, uzito, idadi na bei ya mali?
3. Bei yako inajumlisha nini, na haijumlishi nini? Siku za kungoja Kasumbalesa ni juu ya nani?
4. Karatasi za duane nitazipata kwa jina langu, au angalau kopi yake?
5. Mzigo utafika tarehe gani, na tutaandika tarehe hiyo?
6. Ukipotea, unanilipa kiasi gani, na baada ya siku ngapi?
7. Nusu ya malipo nitatoa mzigo ukitoka, na nusu ukifika: unakubali?

Anayejibu maswali saba bila kukasirika, hata kama bei yake imepita kidogo, huyo mpeni bale moja ya kujaribu. Ikifika salama na kwa tarehe, mpeni mbili. Anayekasirika kwa swali la pili, mshukuruni na mwondoke na mizigo yenu.

Kikundi kitakachofanya kazi hii, kituletee jibu: mlipata bei gani, siku ngapi, na karatasi gani. Tutayaandika katika namba zinazokuja, ili mama wa Katuba asilipe tena fundisho ambalo mama wa Ruashi amekwisha kulilipia.